Usiongeze, Usipunguze

Mapendo, mama yangu,

Umekwenda Akalla kuwaaga rafiki zako na umesema utarudi na treni ya saa nne usiku. Jua la Agosti bado linapiga meza ya jikoni, kwa hiyo nina saa tatu hivi peke yangu, na nimeamua kuzitumia kukuandikia badala ya kukupikia sombe ya kubeba kama nilivyoahidi. Samahani kwa sombe. Siku hizi majani ya muhogo yaliyogandishwa yanapatikana hata huko Umeå uendako, nimeulizia.

Sitakuandikia habari za soksi nene, wala za kula vizuri, wala za kufunga mlango. Mambo ya aina hiyo wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Tangu mama yako alipohamia Norrköping, ukiwa na miaka kumi na minne, ni wewe uliyekuwa unanigongea mlango asubuhi, ni wewe uliyekuwa unaangalia kama nimemeza vidonge, na karatasi za shule ulizitia sahihi mwenyewe kwa jina langu. Ulidhani sijui. Sahihi yako ni nzuri kuliko yangu. Baba aliyelelewa na mtoto wake hana uso wa kumpa maagizo, basi maagizo tuyaache.

Nina jambo moja la kukuambia, na nikizunguka sana nitaishia kulipamba. Mimi sijapona. Giza lilirudi Desemba iliyopita na halijaondoka hata siku moja. Yote uliyoyaona tangu hapo, kuimba kwangu bafuni, mandazi ya Jumamosi, yale matembezi ya kuzunguka ziwa nikikuonyesha bata, yalikuwa maigizo. Niliyafanya ili uweze kuondoka.

Kabla moyo wako haujaruka: hii si barua ya kuaga dunia. Najua unavyosoma barua, unatafuta jambo baya mstari wa mwisho kwanza. Halipo. Kesho nitasimama kwenye jukwaa la stesheni nikipunga mkono kama mjinga hadi treni ipotee. Jumatatu asubuhi nina miadi kliniki, nimeiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimempigia mama yako nikamweleza hali yangu, naye atanipigia kila jioni. Hiyo si kazi yako tena. Nimekuomba uifungue barua hii ukishapita Gävle, kwa sababu nakujua, kabla ya hapo ungeshuka ukarudi.

Sasa nikueleze jinsi nilivyofika hapa.

Unakikumbuka kitenge cha njano. Kikining'inia kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, ulijua Papa yuko kazini, na hata maji ulikunywa ya bafuni. Ulikuwa unasikia sauti yangu tu kupitia mlango, Kiswahili, kisha Kiswidi, kisha Kiswahili. Siku moja, ulikuwa darasa la pili, ulisikia sentensi ya Kiswidi ukaingia mbio, kitenge kikaanguka, ukanishika mguu unalia. Nilikuwa nimesema, "Nataka kufa." Ilinibidi nimwombe radhi daktari aliyekuwa kwenye simu, kisha nikakufafanulia kwamba si mimi, ni mama mmoja yuko hospitali mbali, na mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno. Ukauliza, "Na wewe unasema wakati gani?" Nilicheka. Lilikuwa swali zuri na mimi nikalicheka.

Sheria ya kazi yetu ni fupi na kila mkalimani anaijua kama Baba Yetu. Sema yote. Usiongeze, usipunguze. Usichukue upande. Ukimjua mmoja wa wanaozungumza, useme kabla hamjaanza, apewe mwingine. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye kiti hiki hiki, hedifoni kichwani, nikisema "walimchinja mume wangu", "sina usingizi", "mwanangu hataki kunishika mkono", na yote hayo nikiyaanza na mimi, mimi, mimi. Simu ikikatika, naosha vyombo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijivuna, hata. Watu wa kwetu walikuwa wanasema maneno yakipita kwangu hayamwagiki.

Nilipoanza kuugua sikujua kama ni ugonjwa. Nilidhani ni uchovu, halafu uzee, halafu uvivu. Chakula kikakosa ladha. Nikawa nasimama stesheni ya Tumba naacha treni tatu zipite kwa sababu sioni tofauti ya kupanda na kutopanda. Mama yako alivumilia alivyoweza, na mimi nilimjibu kwa ukimya miaka miwili. Usimhukumu. Mtu anayeishi na ukuta ana haki ya kutafuta dirisha. Vidonge vya daktari vilinisaidia kidogo, vikaacha kusaidia, nikapewa vingine. Hayo unayajua, uliyaishi.

Halafu kukawa na ule utafiti. Muuguzi mmoja pale kliniki alinipa karatasi: walikuwa wanatafuta watu wenye sonona isiyosikia dawa, wajaribu kidonge chenye kile kitu kilichomo kwenye uyoga fulani. Nilimwambia kwetu Uvira uyoga ni wa mboga, mvua ikinyesha mama yangu anaufuata na kikapu. Akacheka, akasema huu si wa mboga.

Ulinisindikiza hadi mlangoni, Aprili mwaka jana. Ulichokuwa hujaona ni chumba: zulia, taa hafifu, kochi, na watu wawili wameketi kila upande wangu, mwanamke wa makamo na kijana mwenye ndevu. Nikafungwa kitambaa cha macho. Saa nzima hakuna kilichotokea isipokuwa kutaka kukojoa. Nikawa nafikiria namna ya kuwaambia kwa adabu kwamba dawa yao haifanyi kazi kwa sisi Wabembe.

Kisha wakaja. Wote niliowahi kuwasemea. Sikuwaona sura, sauti tu, na kila mmoja alikuwa amekuja kuchukua "mimi" yake. Mama wa Bujumbura akachukua yake. Kijana mmoja wa Fizi akachukua yake. Mzee aliyeogopa lifti akachukua yake akasema asante. Walikuwa wengi sana, Mapendo, na kila aliyeondoka aliniacha mwepesi zaidi, mpaka nikaogopa, kwa sababu niliona wakiisha hapatabaki mtu. Wakaisha. Hapakubaki mtu. Lakini kulikuwa na usikivu. Hakuna aliyekuwa anasikiliza, ila kulikuwa na kusikiliza. Hapo nikamwona mama yangu, bibi yako unayeitwa jina lake, amechuchumaa anasugua sufuria kwa majivu. Hakuniuliza kitu. Aliendelea kusugua. Nililia mpaka kitambaa kikalowa, na yule mwanamke wa makamo akanishika mkono saa nzima.

Nilipotoka, nilinunua chungwa dukani nikalila nimesimama nje, na lilikuwa chungwa.

Miezi minane. Hiyo sikudanganya, nakuapia. Ile miezi minane ilikuwa ya kweli. Ulikuwa unatoka shule tunakaa hapa mezani, mimi na Kiswahili changu, wewe na Kiswidi chako, na vitabu vya maktaba kuhusu ubongo na ufahamu tunavichambua kama watu wanaochambua maharage. Nilipokusimulia kuhusu kile kilichobaki baada ya sauti zote kuondoka, uliacha kutafuna ukaniuliza, "Men vem är det som lyssnar då, pappa?" Sasa ni nani anayesikiliza? Nikakuambia sijui. Ukaandika swali hilo mkononi kwa kalamu. Likawa kazi yako ya mwisho ya sekondari, kurasa thelathini, na kwenye ukurasa wa kwanza: kwa baba yangu, aliyerudi. Kesho unakwenda kusoma sayansi ya akili na ufahamu kwa sababu ya kurasa hizo. Mimi ndiye ushahidi wako. Ndiyo maana nashindwa kukuacha uende na ushahidi wa uongo.

Uongo ulianzia kanisani.

Unajua kanisa letu, ule ukumbi tunaoazima kwa Waswidi Jumapili mchana, kinanda cha kaka wa Bukavu, kina mama wa kwaya na vitambaa vyao vinavyofanana. Wiki chache kabla ya kidonge walikuwa wameniombea usiku kucha, mara mbili. Kwa hiyo Juni, walipoona nacheka, Mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo: nilikwenda hospitali, nikapewa dawa mpya, Mungu akaibariki.

Unajua lakini ushuhuda wetu unavyokwenda. Husemi peke yako. Nilishika maikrofoni, nikasema Bwana asifiwe, wakaitika, nikasema, "Nilikwenda kwa madaktari," na kabla sijavuta pumzi ukumbi mzima ukaimalizia sentensi yangu: "Wakashindwa!" Kinanda kikapiga. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akanigeukia, uso umejaa furaha, akauliza, "Madaktari walifanya nini, ndugu?" Watu mia wakanisubiri. Nikafikiria neno uyoga. Nikawaona wanavyoliona: dawa za kulevya, uchawi, Papa Mapendo amekula vitu vya mabangi. Nikasema, "Walishindwa."

Neno moja. Nilirudi kwenye kiti changu jasho linanitoka, watu wananikumbatia. Nikajiambia, haina neno, si Mungu ndiye aliyeumba uyoga?

Safu ya tatu kulikuwa na Mama Divine.

Wewe unamjua kuliko mimi, ulikuwa unamlelea watoto Alhamisi. Divine na meno yake mawili yaliyong'oka, na Exaucé aliyekuwa anakuita "Pendo-Pendo" na kukataa kuvaa viatu. Usichokuwa unajua ni kwamba Mama Divine naye alikuwa anakunywa vidonge, tangu Exaucé azaliwe. Vilimsaidia. Alikuwa anapika, anafanya usafi hospitalini, anaimba sauti ya pili. Jumapili ile alikwenda nyumbani akavimwaga vyote kwenye sinki. Hakumwambia mtu. Mwezi wa kumi na moja walimkuta asubuhi kando ya ziwa amevaa ndala, barafu imeanza, hajui jina lake. Watoto walikuwa peke yao ndani tangu jana yake. Jirani ndiye aliyewasikia.

Ulilia sana siku hiyo. Nilikushika nikasema ni ugonjwa, hakuna wa kulaumiwa. Sikujua bado. Nakuapia sikujua.

Nilijua Desemba. Kitenge kilikuwa mlangoni, wewe uko shule. Simu ikaingia, kazi ya kawaida, daktari wa wodi na mwanamke wa sosialen, ofisi ya ustawi wa jamii, na mgonjwa anayezungumza Kiswahili cha Kongo. Nikasalimia, nikasema mimi ni mkalimani, nitatafsiri yote. Mgonjwa akasema "bonjour" na sauti nzito ya dawa, na nikamtambua. Hapo hapo. Sheria inasema ningesema: namjua, naomba mumtafute mwingine. Nilifungua mdomo. Lakini nilifikiri, akija mwingine atakuwa yule wa kule Södertälje anayeongeza chumvi, mimi nitamtendea haki. Ndivyo nilivyojidanganya, kwa sababu nzuri kabisa.

Daktari akauliza kwa nini aliacha dawa. Naye akajibu polepole, kila neno nalikumbuka:

"Nilizimwanga ju ya ndugu moja wa kanisa yetu. Mutu ya masomo, mutu ya heshima. Alisimama mbele yetu akasema Mungu alimuponya, na badaktari balishindwa. Mi nikasema, kama Mungu amefanya kwake, atafanya na kwangu. Sikuzimwanga ju ya uvivu. Sikuzimwanga ju ya kusahau batoto. Ilikuwa ju ya imani."

Akamaliza. Ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa kusema kwa Kiswidi, kwa "mimi" yake: niliziacha kwa sababu ndugu mmoja mwenye heshima alisema. Mapendo, nilikuwa nimesema maneno ya wauaji na ya waliouawa kwa sauti isiyotetemeka. Hayo yalinishinda. Nikasema:

"Niliziacha kwa sababu nilijisikia nafuu."

Nikasikia daktari anaandika kwenye kompyuta. Yule mwanamke wa sosialen akauliza, kwa upole, sitaki umfikirie vibaya, kama kulikuwa na sababu nyingine yoyote. Nikamgeuzia mgonjwa kwa Kiswahili: wanauliza, iko sababu ingine?

Mama Divine akashangaa. "Si nimeshasema?"

Nikasema kwa Kiswidi: "Hapana."

Mwishoni aliniambia, "Aksanti, ndugu." Nikajifariji kwamba kila mtu kwetu ni ndugu.

Januari watoto wakachukuliwa, wakapelekwa kwenye familia huko kaskazini. Ulikasirika, ukasema nchi hii haina moyo, na mimi nilikaa hapo lilipo pazia nikitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana nawe. Sijui waliandika nini kwenye karatasi zao. Labda waliandika: mama huacha matibabu akijisikia vizuri, haelewi ugonjwa wake. Labda wangewachukua hata kama ningetafsiri kila herufi. Sijui, na sitajua, na swali hilo linanitafuna hata nikiwa nanunua maziwa. Exaucé alikuwa na miaka minne. Nasikia sasa anaongea Kiswidi kitupu.

Giza lilirudi wiki ile ile ya simu. Madaktari wangekuambia ni jambo la kawaida, nguvu ya kidonge huisha. Inawezekana. Mimi najua tu kwamba nilirudi jikoni na lile chungwa halikuwa chungwa tena.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa aibu. Likizo ya Machi ulipokwenda kwa mama yako, nilinunua uyoga mkavu kwa mtu nisiyemjua, nikaula peke yangu, nimekaa chini sakafuni chumbani kwako kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa na uhai. Nilitaka tu kurudi kule kwenye sufuria na majivu. Nilitaka mama. Haikuja sufuria. Ilikuja sauti moja tu, na haikuondoka, na haikutaka kuchukua chochote. "Si nimeshasema? Si nimeshasema?" Ilidumu saa nane hivi, mama. Ukuta wako wenye picha zako ulikuwa unaniuliza. Hakukuwa na mtu wa kunishika mkono kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu. Uliporudi nilikuwa naogopa mlio wa friji, nikakuambia ni mafua. Ulinichemshia tangawizi. Niliinywa nikijiona mwizi.

Huko uendako utakutana na watu watakaokuambia uyoga ni mlango, na wengine watakaosema ni sumu. Utajua kuwajibu kuliko mimi. Mimi nimepita mara mbili na ninachojua ni kidogo mno: nilichokiona mara ya kwanza kilikuwa kweli au kilikuwa kemia tu, sina namna ya kupambanua. Nilipokuwa mzima swali hilo lilikuwa tamu. Sasa nalichukia. Nawaza kwamba labda hakuna anayesikiliza kabisa, huko ndani kabisa, na sufuria ile haikusuguliwa na mtu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ninavyowaza leo, Jumamosi, saa mbili na nusu. Usiichukue kama hekima ya baba. Ni hali ya hewa tu, ila imekaa sana.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi niliyaficha, na aliyeumbuliwa ni mtu mwingine, na watoto wake. Methali hiyo haikunitayarisha kwa hilo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mama Divine. Anakaa bado pale pale, ghorofa ya tatu, ametoka hospitali tangu masika, amekonda. Alifungua mlango akauacha na mnyororo. Nyuma yake niliona kile kirafu cha viatu, na viatu vya Exaucé bado viko, vile vyenye taa alivyokuwa anavikataa. Nilisimama kwenye ngazi nikamwambia yote. Kidonge, uyoga, maikrofoni. Halafu simu. Nilimwambia, yule mkalimani alikuwa mimi.

Akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu ulisalimia. Ungefikiri sitajua sauti yako? Nilifurahi, ndugu. Nilisema mu roho, Mungu amenitumia mutu wetu. Leo maneno yangu itafika yote."

Hakulia. Hakunitukana, na nilikuwa nimekwenda nikitumaini anitukane. Alinitazama kidogo, kama mtu anayesoma bango la mbali, kisha akaufunga mlango taratibu, kama unavyofunga penye mtoto aliyelala. Nilikaa kwenye ngazi mpaka taa ya kujizima ikazimika.

Tangu siku hiyo sijaweza kuigiza tena. Ndiyo maana juma hili hukuniona nikiimba.

Nimeandika barua nyingine, kwa Kiswidi. Inakwenda kwa daktari yule, kwa ofisi ya yule mwanamke, na kwa wale wanaotoa vibali vya ukalimani. Nimeandika alichosema Mama Divine, neno kwa neno, na chini yake nilichosema mimi. Nimeweka jina langu. Niliitia kwenye lile sanduku la posta la njano pale stesheni leo asubuhi, ulipokuwa unafunga mabegi. Kibali kitakwenda, na huenda na mengine zaidi ya kibali, kwa sababu hata haya ninayokuandikia ni siri za kazi ninazozivunja. Acha ziende. Kama barua ile itawarudisha watoto, sijui. Miezi minane ni mirefu kwa mtoto wa miaka minne. Sina matumaini makubwa, na sitaki kukuchorea yale nisiyokuwa nayo. Kesho mchana nitamwomba Mchungaji maikrofoni, na safari hii sitaanza na madaktari. Nitaanza na uyoga.

Kitenge cha njano nimekifua, kiko kwenye begi lako la mgongoni, chini ya sweta lako lenye kofia. Hakina kazi tena hapa.

Sasa unajua, na najua unachofikiria, kwamba urudi. Usirudi, mama. Ukirudi, nitaigiza tena, ndicho kitu ninachokijua nikiwa karibu nawe, na wewe utanichemshia tangawizi hadi uzeeke. Nenda ukasome swali lako. Ile kazi yako ifungue uondoe maneno ya ukurasa wa kwanza, ama uyaache ukijua si kweli, uamuzi ni wako. Na ukiwa na hasira nami, usiifiche. Nipigie unikasirikie kwa Kiswidi, kwa haraka, kama ukiwa mdogo. Nitasikiliza.

Uliniuliza ukiwa darasa la pili, miguu yangu umeikumbatia, mimi nasema wakati gani. Nimechukua miaka kumi na moja kukujibu. Ni sasa.

Mimi ni mgonjwa. Nilipata nafuu miezi minane kwa uyoga, na kwa watu wawili walioketi karibu nami, na pengine kwa maombi pia, sijui. Mbele ya watu nilisema nusu. Mama mmoja akaniamini, akapoteza watoto wake, na alipoeleza kwa nini, nilimziba mdomo kwa lugha aliyokuwa haijui. Ninakupenda. Naogopa nyumba hii kuanzia kesho saa nne asubuhi.

Sijaongeza. Sijapunguza.

Papa